Jezi Hii ni ya Nani?

Mzee akikwambia, "Enzi zangu nilikuwa namba nne," humuulizi alikuwa anasimama wapi uwanjani. Unajua. Alikuwa beki wa kati, mipira ya juu ilikuwa mali yake, na huenda magoti yake mpaka leo yanamkumbusha washambuliaji aliopambana nao. Akisema namba sita, unamwona kiungo mkabaji, mtu wa kukata mipira na kuigawa. Akisema namba kumi, unavuta kiti, maana hapo kuna hadithi.

Kiswahili cha mpira kimezigeuza namba kuwa majina ya kazi. Kipa wa kwanza wa Taifa Stars tumempa hata cheo, Tanzania One, na Juma Kaseja aliitwa hivyo kwa miaka mingi. Namba tatu imetoka uwanjani ikaingia majumbani: mtaani msichana wa kazi za ndani huitwa beki tatu, jina nisilolipenda hata kidogo, kwa sababu linamdharau anayetulelea watoto.

Kwa hiyo ubishi wa nani mkubwa kuliko wote kwenye kila namba ya jezi kwetu ni ubishi wenye uzito. Tatizo ni kwamba wengi tunaubisha vibaya. Tunaokota majina makubwa, tunayagawia namba, kisha tunapigizana kelele. Mimi naona swali la haki ni moja: namba hii ikitajwa, ni ya nani? Na ili kulijibu nina masharti mawili. La kwanza, jambo lililomkuza mchezaji awe amelifanya akiwa na namba hiyo mgongoni. La pili, namba hiyo iwe imepata maana mpya kwa sababu yake.

Sharti la kwanza linaonekana dogo, lakini linaangusha watu wazito. Andrés Iniesta alikuwa namba nane wa Barcelona, na kila mtu humtaja kwenye nane. Lakini bao lake lililoipa Hispania Kombe la Dunia, dakika ya 116 dhidi ya Uholanzi mwaka 2010, alilifunga akiwa na jezi namba sita. Nane siku hiyo ilikuwa mgongoni kwa Xavi, ambaye naye kule Barcelona ndiye aliyekuwa sita. Wote wawili wamejigawa nusu kwa nusu. Ndiyo maana nane naipeleka kwa Steven Gerrard: Istanbul, fainali ya Ligi ya Mabingwa, tarehe 25 Mei 2005, Liverpool ikiwa nyuma kwa mabao matatu dhidi ya Milan, yeye akaruka akafunga kwa kichwa, akageuka akiwapungia mashabiki mikono wainuke. Liverpool wakasawazisha yote matatu na kushinda kwa penalti.

Lakini kabla ya hukumu nyingine, turudi mwanzo. Jezi zenye namba zilionekana kwenye ligi ya Uingereza tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal walipocheza na Sheffield Wednesday, na Chelsea walipowakaribisha Swansea Town siku hiyohiyo. Mwaka 1933 fainali ya Kombe la FA ilichezwa kwa mtindo ambao leo ungetushangaza: Everton walivaa 1 hadi 11, Manchester City wakavaa 12 hadi 22. Everton walishinda 3-0, na namba tisa wao alikuwa Dixie Dean. Ligi ya Uingereza iliifanya namba kuwa lazima mwaka 1939.

Wakati huo timu zilipangwa 2-3-5. Kipa ni moja, mabeki ni mbili na tatu, mstari wa kati ni nne, tano na sita, na mbele wamejipanga watano kuanzia saba mpaka kumi na moja, kutoka kulia kwenda kushoto. Baadaye makocha walianza kuwarudisha wachezaji wa kati nyuma kusaidia ulinzi, na kila nchi ikamrudisha wa kwake. Waingereza walimrudisha tano, kisha sita. Wabrazili sita wao akawa beki wa kushoto, ndiyo jezi aliyovaa Roberto Carlos kwenye timu ya taifa. Waajentina walimwacha tano katikati, na nne akawa beki wa kulia. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini Javier Zanetti, beki wa pembeni, alivaa nne miaka yote pale Inter mpaka klabu ikaistaafisha jezi hiyo. Alikuja Milano na namba ya kwao.

Kwa hiyo tunapobishana juu ya namba nne, tujue tunalinganisha kazi tofauti. Hapo mimi simchagui beki. Namchagua Nwankwo Kanu. Nigeria walimpa nne mshambuliaji, tena mrefu kama mnazi, na mwaka 1996 kwenye Olimpiki ya Atlanta akiwa nahodha aliiondoa Brazil kwenye nusu fainali kwa bao la dhahabu, 4-3, kabla ya Nigeria kuifunga Argentina 3-2 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuchukua dhahabu ya soka ya Olimpiki. Baada ya hapo madaktari waligundua moyo wake una kasoro, akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani, kisha akaanzisha taasisi ya kuwatibu watoto wenye maradhi ya moyo. Kwa Mwafrika aliyekuwa na redio mwaka ule, nne ni Kanu.

Namba moja haina mjadala mrefu kwangu. Gianluigi Buffon alikuwa mkubwa, na Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, jambo la kumvulia kofia. Lakini Lev Yashin wa Muungano wa Kisovyeti ndiye kipa pekee aliyepata Ballon d'Or, mwaka 1963, na ndiye aliyewafundisha makipa kutoka golini, kuwapangia mabeki kwa sauti na kuanzisha mashambulizi kwa mkono.

Mbili ni ya Cafu. Alicheza fainali tatu za Kombe la Dunia mfululizo, 1994, 1998 na 2002, na hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Ile ya kwanza aliingia kutoka benchi akiwa na 14, lakini mbili zilizofuata alianza na namba mbili, na ya mwisho akiwa nahodha. Alipolinyanyua kombe kule Yokohama, jezi yake ilikuwa imeandikwa kwa mkono jina la mtaa aliokulia, Jardim Irene, kitongoji cha watu wa kipato cha chini pale São Paulo. Picha ile hunigusa kila ninapoiona. Shuleni kwetu jezi zilikuwa fulana nyeupe zilizoandikwa namba kwa maka peni, na kila zikifuliwa namba zinafifia, tunaziandika upya. Mimi nilikuwa namba tatu.

Kwa hiyo kwenye tatu nasema kama mwenye nyumba: Paolo Maldini. Michezo 902 akiwa na Milan, kuanzia 1985 hadi 2009, na makombe matano ya Ulaya. Klabu imesema jezi yake haivaliwi tena, labda mwanawe aichezee timu ya wakubwa na kuirithi. Giacinto Facchetti wa Inter alifungua njia ya beki wa kushoto kupanda mbele na kufunga, na Wataliano wa upande wa pili wa jiji watanibishia. Wana hoja. Lakini Maldini aliifanya kazi ya kukaba ionekane kama kazi ya adabu: alisimama mahali sahihi mapema, asihitaji kuanguka chini kumkata mtu. Kila nilipopigwa chenga nikaangukia vumbi, nilimfikiria yeye.

Tano ni Franz Beckenbauer, ingawa ile picha yake maarufu, mkono umefungwa kifuani baada ya bega kuteguka dhidi ya Italia mwaka 1970, alikuwa amevaa nne. Tano aliivaa 1974 aliponyanyua kombe nyumbani. Sita ni Franco Baresi, miaka ishirini na klabu moja. Saba ni Cristiano Ronaldo, na nasema hivyo nikijua kwamba Garrincha mwaka 1962, Pelé akiwa ameumia, aliibeba Brazil kwa miguu iliyopinda mpaka wakalitwaa kombe tena. Cristiano alipofika Manchester United mwaka 2003 aliomba 28, namba aliyokuwa nayo Sporting, akapewa saba ya Best, Cantona na Beckham. Leo watoto wanaosema saba hawamkumbuki hata mmoja kati ya hao kabla yake.

Sasa tisa. Hapa ndipo Afrika ina utajiri wake.

Tisa alikuwa Roger Milla, miaka 38, akitokea benchi kule Italia mwaka 1990, akifunga mabao manne na kucheza kwenye kibendera cha kona, Cameroon ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Tisa alikuwa Rashidi Yekini, tarehe 21 Juni 1994 pale Dallas, alipofunga bao la kwanza la Nigeria kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Bulgaria, akaingia golini, akazishika nyavu kwa mikono yote miwili, akapaza sauti kwa Mungu wake. Yekini aliifungia Nigeria mabao 37. Tisa alikuwa George Weah wa Milan, Mwafrika pekee aliyechukua Ballon d'Or, aliyechukua mpira kwenye boksi lake mwenyewe dhidi ya Verona mwaka 1996 na kukimbia nao uwanja mzima mpaka kwenye nyavu za upande wa pili.

Na kuna Ronaldo wa Brazil. Mwaka 2002, baada ya goti lake kukatika na watu kumzika akiwa hai, alifunga mabao manane kwenye mashindano, mawili kwenye fainali dhidi ya Ujerumani. Ukiniuliza nani alikuwa mchezaji hatari zaidi kati ya hawa wote, nitakujibu Ronaldo bila kusita.

Lakini swali letu ni namba ni ya nani, na tisa naipa Samuel Eto'o. Ronaldo alianza Inter na kumi, akaanza Real Madrid na kumi na moja, na Milan akavaa 99. Eto'o katika miaka yake mikubwa hakuiacha tisa, klabu wala taifa. Akiwa nayo Barcelona alifunga kwenye fainali mbili za Ligi ya Mabingwa, 2006 na 2009, kisha akahamia Inter, tisa ileile, akalichukua kombe hilo tena 2010. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika amefunga mabao 18, zaidi ya mtu yeyote. Na alikuwa akirudi nyuma kukaba, mara nyingine mpaka nafasi ya beki, kwa sababu kocha amemwomba. Straika wa kiwango kile kukubali kazi ile ndiko kuipa namba maana mpya. Moyo wangu uko kwa Yekini na zile nyavu. Hukumu iko kwa Eto'o.

Kumi inataka utulivu zaidi. Mwaka 1958 kule Sweden, inasimuliwa, Brazil ilipeleka majina bila namba, na namba zikagawiwa na watu wasiowajua wachezaji. Matokeo yake yanaonekana kwenye picha: kipa Gilmar alivaa tatu, Garrincha aliyekuwa winga wa kulia akavaa kumi na moja, na Zagallo wa kushoto akavaa saba. Kijana wa miaka 17 aliangukiwa na kumi. Akafunga mabao sita, matatu kwenye nusu fainali na mawili kwenye fainali. Kabla yake kumi ilikuwa ya mshambuliaji wa ndani upande wa kushoto, basi. Ni kweli Puskás wa Hungary aliivaa vizuri, lakini ni Pelé aliyeifanya iwe namba ya mtu ambaye timu nzima inamtazama yeye.

Nawajua watu wa Maradona. Kombe la Dunia la 1986, dhidi ya England pale Azteca, bao lile la pili. Napoli hawampi mtu kumi tena. Nawajua pia watu wa Messi, nao wanalo kombe la 2022 mkononi. Tena Argentina walijaribu kuistaafisha kumi ya Maradona kabla ya Kombe la Dunia la 2002, FIFA ikakataa kwa sababu namba lazima ziende mfululizo, ikavaliwa na Ariel Ortega. Kama wangekubaliwa, Messi angevaa nini? Hata hivyo wote wawili walirithi. Waliikuta kumi ni kiti cha enzi tayari. Aliyekichonga ni Pelé.

Kuna kumi mwingine ambaye vijiwe vyetu havimtaji, nami naona ni kosa la kurekebisha. Marta wa Brazil amefunga mabao 17 kwenye Kombe la Dunia la wanawake, akifunga katika mashindano matano tofauti, kuanzia 2003 mpaka 2019, na amekuwa mchezaji bora wa dunia mara sita. Wasichana wanaocheza leo, kwetu na kwingine, wakivaa kumi wanafuata mguu wake. Ukipanga orodha ya kumi bila Marta, orodha yako haijakamilika.

Kumi na moja naipa Didier Drogba. Francisco Gento wa Real Madrid alishinda makombe sita ya Ulaya akiwa winga wa kushoto, na Mohamed Salah ameifanya Liverpool iwe timu ya pili ya Misri nzima. Lakini Oktoba 2005, Ivory Coast ilipofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza baada ya kuifunga Sudan pale Omdurman, Drogba alishika kipaza sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akapiga magoti pamoja na wenzake wa kaskazini na kusini, akawaomba ndugu zake waliokuwa vitani waweke silaha chini. Hakuna jezi nyingine niliyoiona ikibeba mzigo kama ule.

Baada ya kumi na moja namba hupungua uzito, ila chache. Ya kwanza ni 13, na hapa nahukumu dhidi ya nafsi yangu. Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques ambayo leo ni Maputo, aliivaa mwaka 1966 akiwa na Ureno, na Korea Kaskazini walipoongoza 3-0 kwenye robo fainali yeye alifunga manne peke yake, Ureno wakashinda 5-3. Alimaliza na mabao tisa. Natamani iwe yake. Lakini Gerd Müller akiwa na 13 alifunga kumi mwaka 1970 na manne mwaka 1974, la mwisho likiwa ndilo lililoipa Ujerumani Magharibi kombe. Ni ya Müller.

Ya pili ni 14, nayo ni ya Johan Cruyff. Mwaka 1970 alimpa mwenzake Gerrie Mühren jezi yake namba tisa kwa kuwa ya Mühren haikuonekana, akachukua 14 iliyokuwa imebaki, na tangu hapo ikajulikana kuwa yake. Uholanzi walipopanga namba kwa alfabeti mwaka 1974, mpaka mshambuliaji Ruud Geels akawa moja na kipa Jan Jongbloed akawa nane, Cruyff pekee alibaki na yake. Ajax waliistaafisha mwaka 2007. Kwa upande wetu wa dunia, 14 ni Michael Olunga. Watanzania hatujasahau Cairo, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, tarehe 27 Juni 2019: Taifa Stars tuliongoza mara mbili, Samatta akiwa miongoni mwa wafungaji wetu, na Olunga akatufunga mawili, Kenya wakaondoka na 3-2.

Na 17? Dar es Salaam ni Clatous Chama, Mzambia aliyeing'arisha Simba nayo na akavuka nayo mpaka Yanga mwaka 2024. Kwa Cameroon 17 ni Marc-Vivien Foé, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa ameivaa, asiinuke tena. Klabu aliyoichezea msimu ule, Manchester City, ilistaafisha 23 aliyokuwa akivaa huko. Bao la mwisho la City kwenye uwanja wao wa zamani wa Maine Road lilikuwa lake.

Naacha ya mwisho, 67. Victor Wanyama wa Kenya aliichagua alipokwenda Celtic ya Scotland, kuwaenzi wachezaji wa klabu hiyo walioifunga Inter 2-1 pale Lisbon mwaka 1967 na kuwa timu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Novemba 2012 Celtic walipoishinda Barcelona 2-1, Wanyama ndiye aliyefunga la kwanza, kwa kichwa, 67 ikiwa mgongoni. Mashujaa wale wa Lisbon wenyewe hawakuwa na namba mgongoni, kwa sababu Celtic ya wakati ule iliziweka kwenye kaptula. Lakini klabu iliwatunza kwa majina, tarehe na picha, kiasi kwamba kijana wa Nairobi aliyezaliwa miaka 24 baadaye aliwajua na kuwavalia jezi.

Sisi nasi tuna wa kwetu. Mwaka 1979 kule Ndola, Peter Tino aliifunga Zambia bao lililotupeleka Lagos, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Baada ya hapo tulisubiri miaka 39 kurudi. Wapo baba na babu waliokuwa kwenye timu za enzi hizo, za taifa, za mikoa, za viwanda na za shule, na picha zao zimo kwenye masanduku na kuta za sebule zetu. Wikiendi hii ishushe picha hiyo, kaa na mzee wako, mwulize kila aliyesimama na aliyechuchumaa alikuwa nani na alivaa namba gani. Andika nyuma ya picha, kwa kalamu isiyofutika, na weka mwaka.